Hakuna dawa wala sindano, kibali cha maadili cha nini?

Wanafunzi wengi wa fiziotherapia ya michezo hudhani kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kamati ya kufanya utafiti kwa watu, ni cha wanaojaribu dawa; kupima nguvu za msuli wa nyuma ya paja au kugawa dodoso hakukihitaji. Si kweli. Azimio la Helsinki la 1964, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti, lililorekebishwa tena 2024, linagusa utafiti wa kitabibu kwa binadamu, hata ule wa taarifa zinazomtambulisha mtu.

Hatari mara nyingi haipo kwenye zoezi lenyewe. Kocha akiwa amesimama pembeni fomu zikisainiwa, nani atakataa? Mchezaji akikiri goti linamuuma, na kocha akapata habari, Jumamosi yuko benchi. Basi fomu zisainiwe kocha hayupo, majina yageuzwe namba, na orodha ya kuoanisha namba na jina ifungiwe kando. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na yeye mwenyewe akubali.

Kenya, baada ya kamati ya maadili, kuna leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Omba mapema: kamati haibariki vipimo ulivyokwisha chukua kienyeji, na majarida mengi huvikataa.