Vim na Emacs kwenye skrini nyeusi: yanayosemwa na yalivyo

"Mambo ya kizamani hayo," husema wengi kuhusu Vim na Emacs, vihariri vya maandishi vinavyotumika ndani ya terminali, ile skrini nyeusi ya kuandikia amri. Kizamani, sawa: vi, mzazi wa Vim, iliandikwa na Bill Joy mwaka 1976. Lakini ukiingia kwenye seva (kompyuta ya mbali) kwa SSH, njia salama ya kuiendesha kupitia mtandao, mara nyingi hukuti dirisha wala panya wa kubofya. Kinachopita kwenye mtandao ni herufi tu, ndiyo maana hata bando linalosuasua linatosha kurekebisha faili.

Wapo pia wanaodhani Emacs ya terminali ni toleo lililopunguzwa. Andika emacs -nw uone. Ni programu ileile, inasoma mipangilio yako ileile, na menyu bado ipo: bonyeza F10. Unachokosa ni picha na herufi za ukubwa tofauti. Kero ya kweli ni nyingine: kwa terminali nyingi Tab na Ctrl+I ni kitu kimoja, kwa hiyo huwezi kuzipa kazi mbili.

"Imeganda!" Hili lilinikuta. Usiku mmoja, ndani ya seva yenye Vim ya zamani, nilibonyeza Ctrl+S kwa mazoea ya kuhifadhi. Kimya. Nikaandika, hakuna kilichotokea. Nikafunga dirisha kwa hasira, nikijua kazi ya saa nzima imekwenda na maji. Kumbe Vim ilikuwa nzima. Terminali ndiyo iliyosimamisha maandishi, desturi iliyorithiwa kutoka enzi za teleprinta, mashine za kuchapa ujumbe uliotumwa kwa waya. Ctrl+Q ingemaliza kila kitu. (Ukipatwa na hilo, usibonyeze ovyo: unayoyaandika gizani yanaweza kuingia yote mara skrini ikifunguka.)

Na kazi haikwenda na maji. Nilipofungua faili tena, Vim ilinionya kwamba kuna faili la .swp, akiba yake ya muda. Humo huandika mabadiliko kila baada ya herufi 200, au ukitulia kwa sekunde 4. Nikatumia vim -r, amri ya kurejesha kazi kutoka humo, nikapoteza nusu ya mstari tu.

Ctrl+Z nayo hudanganya wengi. Unataka kurudisha nyuma kosa, kihariri kinatoweka. Hakijafa, kimelazwa tu. Andika fg, kinarudi.

Kuhusu "Vim haina mlango wa kutokea": Esc, kisha :q! na Enter. Basi. Esc inaonekana mbali leo, lakini kwenye ADM-3A, terminali aliyotumia Joy (enzi hizo ilikuwa mashine yenye skrini na kibodi), ilikaa ilipo Tab sasa, na mishale ilichorwa juu ya H, J, K na L, herufi zinazosogeza kishale ndani ya Vim.

Kuna rafiki aliyefungua Vim bila faili, akasoma kwa Kiingereza mstari unaoomba kusaidia watoto maskini wa Uganda, akadhani kaingiliwa na matapeli. Mstari huo ni wa Bram Moolenaar mwenyewe, Mholanzi aliyetengeneza Vim, aliyefariki 2023. Aliwahi kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, na programu akaitoa bure: anayeifurahia achangie watoto wa kule.