Laki tatu na akwamarini: tazama mkato kabla ya rangi

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja kwenye meza yangu ya kukatia vito hapa Arusha na laki tatu mfukoni, anatafuta jiwe la pete ya uchumba. Mchumba wake kazaliwa Machi, na kito cha Machi ni akwamarini. "Mama," akaniambia, "nataka iliyokolea, bluu kabisa." Karibu kila anayekuja na fedha ya kubana huanza na ombi hilo, na ndilo linalomfikisha mikononi mwa matapeli.

Akwamarini ni ya madini yaitwayo berili, ndugu wa damu wa zumaridi. Zumaridi hupata kijani chake kwa kromi au vanadi; akwamarini hupata bluu yake kwa chuma kidogo sana kilichojipenyeza ndani ya fuwele. Jina lake ni la Kilatini, maji ya bahari, na mimi huwaomba wateja wasifikirie bahari ya kilindini. Fikiria maji ya magotini pale Nungwi, saa nne asubuhi, mchanga mweupe unaonekana chini. Akwamarini ya karati moja au mbili ndivyo ilivyo. Rangi yake inahitaji unene ili ikolee, kwa hiyo hata kipande ghafi chenye bluu ya kupendeza hutoa mawe madogo yaliyopauka. Ile bluu nzito iitwayo Santa Maria, kutoka Santa Maria de Itabira katika jimbo la Minas Gerais, Brazil, au ile ya Msumbiji inayofananishwa nayo, ipo, lakini laki tatu haziigusi.

Kwa hiyo ukiuziwa kijiwe kidogo, bluu imeiva, bei ya kutupa, usifurahi haraka. Mara nyingi ni topazi: imechimbwa haina rangi, ikapigwa mionzi kiwandani, kisha ikapashwa moto mpaka ikawa bluu. Topazi ni jiwe la heshima kabisa, ila liuzwe kwa jina lake. Nyingine ni spineli, jiwe jingine kabisa, iliyotengenezwa kiwandani; nyingine kioo tu. Ipo pia berili halisi ya bluu kali iitwayo Maxixe, ambayo rangi yake hufifia ikikaa kwenye mwanga.

Topazi na spineli unaweza kuzikamata kwa mizani ndogo ya sonara na kikombe cha maji, mradi jiwe si dogo mno. Tuseme lina karati 5, yaani gramu 1. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha lining'inize jiwe kwa uzi mwembamba lizame bila kugusa chini wala pembeni. Akwamarini itasoma karibu gramu 0.37. Topazi itasoma karibu 0.28, na spineli hapohapo jirani, kwa sababu hayo ni mawe mazito zaidi kwa ukubwa uleule. Kioo kinaweza kukudanganya hapa, maana kuna vioo vya kila uzito. Hicho kitafute kwa lenzi, uone viputo vya hewa ndani au kingo za nyuso zilizolika na kuwa butu. Berili ni ngumu, 7.5 mpaka 8 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, na kingo zake hubaki kali.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Mawe huuzwa kwa karati, na mkataji anayelipwa kwa uzito hushawishika kubakiza kila punje: kiuno, yaani ukingo unaolizunguka jiwe, kinabaki kinene, na tumbo, yaani sehemu iliyo chini ya kiuno, linavimba. Au kipande kilikuwa bapa, akakikata hivyohivyo bapa, jiwe likaonekana pana na la bei nafuu. Hilo la pili ndilo hatari zaidi kwa mwenye fedha ndogo. Nyuso za tumbo la berili zinatakiwa zilale kwenye nyuzi zaidi ya 40 kutoka usawa wa kiuno. Mimi hukata kwenye 42 au 43. Zikishuka chini ya 39, mwanga ulioingia kwa juu unatokea chini badala ya kurudi machoni.

Kulijua hilo hakuhitaji shule. Liweke jiwe juu ya gazeti, ulitazame kwa juu wima. Kama herufi zinasomeka katikati ya jiwe, mwanga unavuja, na hapo katikati patakuwa kama maji ya bomba hata kama pembezoni kuna bluu. Jiwe la rangi hafifu likikatwa hivyo limeuawa. Hilohilo likikatwa sawasawa, mwanga unaingia, unagonga nyuso za chini, unarudi juu, na katika safari hiyo ndefu unaokota rangi njia nzima. Nimewahi kukata upya jiwe lililovuja, likapoteza karibu robo ya uzito, na mwenyewe akadhani nimembadilishia kwa jiwe lenye bluu zaidi.

Kuna na suala la mwelekeo. Fuwele ya akwamarini ni kijiti chenye pande sita. Ukiitazama kwa ubavu unaona bluu. Ukiitazama kutoka kichwani, kwa urefu wake, bluu inapungua, wakati mwingine karibu iishe. Uso wa juu wa kito basi unatakiwa ulale sambamba na urefu wa kijiti. Ndiyo maana akwamarini nyingi ni za mstatili au za umbo la yai: umbo linaifuata fuwele, jiwe halipotei bure, na rangi inatoka. Ukitaka duara utalipia vumbi lililobaki kwenye gurudumu la mkataji. Nikishauri mtu mwenye laki tatu, namwambia achukue mstatili.

Kuhusu moto: akwamarini nyingi sokoni zimechomwa, nyuzi mia nne na kitu za Selsiasi, ili kuondoa umanjano unaoifanya ionekane kijani. Rangi inayobaki haifutiki, na kwa kawaida hata maabara haiwezi kuthibitisha kama jiwe limechomwa au la. Usimlipe mtu nyongeza kwa neno "halijachomwa". Ila yale yenye ukijani wa bahari huwa na bei ya chini, na kwa macho yangu ni mazuri kuliko mengi ya bluu. Yaulizie.

Usafi usiulegezee kamba. Kwenye zumaridi tunavumilia nyufa kwa sababu karibu zote zinazo. Akwamarini huzaliwa safi, kwa hiyo uchafu unaoonekana kwa jicho tupu ni sababu ya kuliacha. Vijistari vyembamba kama mvua, vinavyoonekana kwa lenzi tu, havina neno. Ni alama ya jiwe la asili. Ufa unaofika kiunoni ndio ubaya, sonara anaweza kulipasua wakati wa kulifunga.

Na tafadhali, toka nalo nje ya duka. Taa nyeupe kali huipamba bluu, na karatasi za kukunjia mawe mara nyingi zina utando wa samawati ndani unaoliazima jiwe rangi. Liweke juu ya karatasi nyeupe, kivulini, mchana. Nunua kwa mwenye leseni, na jina la jiwe na uzito viandikwe kwenye risiti.

Yule kijana nilimtolea mawili mlangoni. La kwanza lilikolea zaidi, limekatwa bapa, gazeti linasomeka. La pili lilipauka kidogo, mstatili, karati 1.6, tumbo limekaa sawa. Akayazungusha kwa koleo muda mrefu, akaliita la pili "lile linalowaka", akalilipia. Fundi wake nimemtumia ujumbe pete aitengeneze kwa madini ya fedha na aache mgongo wa pete wazi, asiweke karatasi ya rangi chini ya jiwe kama baadhi wanavyofanya. Jiwe lile halihitaji kuongezewa rangi.