Dawa ya meno yenye probiotiki: ni kitu gani, na inasaidia fizi?

Probiotiki ni vijidudu hai ambavyo mtu akivipata kwa kiasi cha kutosha vinamletea faida ya kiafya. Hiyo ndiyo maana iliyotolewa na wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani mwaka 2001. Shika mambo mawili hapo: viwe hai, na viwe vya kutosha. Wengi tumezoea kuwasikia kwenye matangazo ya mtindi, habari za tumbo. Siku hizi wamehamia kwenye dawa ya meno.

Kinywani zimeshatambuliwa aina zaidi ya 700 za bakteria, na wengi wao hawana ubaya wowote. Wakijishikiza kwenye jino wanafanya ukoga, ule utando laini unaokwanguka kwa ukucha asubuhi. Ukoga ukikaa pale jino linapokutana na ufizi, ufizi unavimba, unakuwa mwekundu, na ukipiga mswaki unatema damu. Mwaka 1965, huko Aarhus nchini Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Wote fizi ziliwavimba ndani ya siku 10 hadi 21. Waliporudia kusafisha, zikapona.

Ukoga ukiachwa muda mrefu, wakazi wake wanabadilika. Wanazidi wale wasiopenda hewa, kama Porphyromonas gingivalis, ambao hujificha kwenye mfuko kati ya jino na ufizi. Mwili unapigana nao, na katika vita hivyo mfupa unaoshikilia jino unaisha polepole.

Hapo ndipo probiotiki inapoingia: badala ya kuua kila kitu kinywani, unaongeza bakteria wenye manufaa ili wagombanie nafasi na chakula na hao wabaya. Lactobacillus reuteri, kwa mfano, hutengeneza reuterini, kemikali inayozuia bakteria wengine kukua. Kule New Zealand, John Tagg wa Chuo Kikuu cha Otago alichunguza kwa miaka mingi Streptococcus salivarius, mkazi wa kawaida wa kinywa, na kutokana na kazi hiyo zikaingia sokoni aina zake mbili, K12 na M18. Herufi na namba hizo si mapambo. Mkulima wa Kitale haridhiki kuambiwa “mahindi” tu, anataka kujua kama ni H614; na boksi linalosema “lina probiotiki” bila kutaja ni aina ipi halijakwambia kitu.

Wazo lenyewe ni zuri. Shida ni tyubu. Dawa ya meno ya kawaida ina maji, ina sabuni ya kutoa povu, na ina vihifadhi vilivyowekwa makusudi ili bakteria wasiote humo. Ukimtia bakteria wa mtindi ndani yake akae miezi kadhaa dukani, atakufa. Kwa hiyo watengenezaji wengine hutumia bakteria waliokwisha kufa au kusagwasagwa, wengine hutumia mbegu ngumu za bakteria wa kundi la Bacillus zinazovumilia shida, na wengine huacha maji kabisa wakauza unga au vidonge vikavu vya kutafuna kisha kupigia mswaki. Bakteria mfu huenda naye akawa na faida, lakini huyo si probiotiki tena. Mwaka 2021 jopo la wanasayansi lilitoa maana ya jina lake, postbiotiki. Kuuza wafu kwa jina la walio hai ni ujanja wa biashara.

Kisha kuna suala la muda. Unapiga mswaki dakika mbili, unatema. Ndiyo maana tafiti nyingi za fizi zilitumia vidonge vya kumumunya, vinavyoyeyuka taratibu kwenye mate, wala si dawa ya meno. Hata humo matokeo yanapishana: baadhi zimeona damu ikipungua, nyingine hazikuona tofauti. Na mtu akiacha kutumia, bakteria hao kwa kawaida hawadumu kinywani. Mwongozo wa Ulaya wa kutibu ugonjwa wa fizi, uliotolewa 2020, unapendekeza probiotiki zisitumike kama nyongeza ya kusafisha chini ya ufizi.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba dawa nyingi za aina hii huuzwa kama “za asili” na hazina floraidi, ambayo ndiyo kinga iliyothibitishwa dhidi ya meno kutoboka. Wenyeji wa Arusha na Bonde la Ufa wana sababu ya kuiogopa floraidi, maana wameona meno ya kahawia. Lakini rangi ile hutokana na maji yenye floraidi nyingi yanayonywewa utotoni, meno yakiwa bado yanajijenga. Mtu mzima anayepiga mswaki na kutema hapati meno ya namna hiyo.

Kama fizi zinatoa damu, usiruke sehemu inayouma. Isafishe taratibu kwa mswaki laini, pamoja na katikati ya meno. Damu isipokoma kwa wiki mbili hivi, nenda kwa daktari wa meno. Huenda ukoga umeshakuwa ugaga, yaani umeganda ukawa mgumu kwenye jino, na ugaga hautolewi na dawa yoyote ya kwenye tyubu, iwe na bakteria au isiwe nao. Unakwanguliwa kwa chombo.