Old School RuneScape: yanayosemwa na yaliyomo

Mtu anayeutazama mchezo huu wa mtandaoni kwa mara ya kwanza huona miti yenye kona, nyuso zisizokunja hata ndita na panya mkubwa anayekatwa kwa upanga wa shaba, naye huamua papo hapo kwamba ni masalia ya enzi zilizopita. Hiyo ndiyo dhana inayorudiwa kuliko zote, na ina ukweli nusu. RuneScape yenyewe ilitolewa Januari 2001, na kampuni inayoimiliki, Jagex, iko Cambridge, Uingereza. Toleo la Old School, hata hivyo, lilifunguliwa Februari 2013 kutokana na nakala iliyohifadhiwa ya Agosti 2007, baada ya wachezaji karibu 450,000 kupiga kura ya kutaka lirudishwe, na tangu hapo limekuwa likiongezewa nchi, majoka na visa vipya, yaani kazi zenye hadithi anazopewa mchezaji. Mwaka 2018 lilifika kwenye simu, na hapo ule uduni wa michoro ukageuka faida, kwa kuwa mchezo huendeshwa hata na simu ya bei nafuu na hauli bando.

Udhaifu halisi uko mahali ambapo mgeni hapatazami. Seva huhesabu muda kwa mapigo ya sekunde 0.6, na kila amri husubiri pigo linalofuata, kwa hiyo anayeanza hudhani mtandao wake unasuasua, ilhali mzoefu hubadilisha silaha na kujikinga kwa kufuata mapigo hayo kama mpiga ngoma.

Wengine husema kwamba wachezaji ndio wanaouendesha mchezo, kwa sababu mabadiliko makubwa hupigiwa kura. Ni kweli kwamba hapo awali pendekezo lilihitaji asilimia 75, kiwango kilichoshushwa hadi 70 mwaka 2022, na kwamba mwaka 2019 stadi mpya (kazi inayokuzwa ngazi kwa ngazi, kama uvuvi) iliyoitwa Warding ilikataliwa kwa kukosa ile asilimia 75. Lakini kura hupigwa juu ya kile ambacho kampuni imekiandaa, na walio wachache wanaweza kuzuia jambo linalotakiwa na wengi. Mimi naona utaratibu huu umeuokoa mchezo mara nyingi kuliko ulivyouchelewesha, ingawa wapo watakaonibishia.

Dhana nyingine ni kwamba unachezwa bure. Asiyelipa anapata sehemu ndogo ya ramani na stadi 15, nazo zinatosha miezi kadhaa, ila kilimo, ujenzi, uwindaji na sehemu kubwa ya visa ni vya wanachama wanaolipia.

Kuhusu madai kwamba ni kubofya tu na hakuna akili inayotakiwa, yapaswa kutenganisha mambo mawili. Visa vyake ni nguvu yake kubwa. Hata kile cha mwanzo kabisa, ambapo mpishi wa kasri la Lumbridge anahitaji yai, maziwa na unga wa keki, hakikupi unga mkononi: unachuma ngano shambani, unapanda hadi ghorofa ya juu ya kinu, unaimimina, unavuta mtambo, kisha unashuka kuuzoa unga chini. Hakuna mshale unaokuongoza, na hapo ndipo utamu ulipo.

Stadi ni habari tofauti. Ngazi ya juu ni 99, na wengi wakifika 92 hujipongeza wakidhani wamebakiza kipande. Ngazi ya 99 inahitaji pointi 13,034,431 za uzoefu, na ya 92 inahitaji 6,517,253, yaani nusu. Mvuvi aliyefika 92 na anayevua papa kwa chusa hupata pointi 110 kwa kila papa, hivyo amebakiwa na papa zaidi ya 59,000, wote wakitolewa baharini kwa namna ileile. Wapo wanaouona mwendo huo kuwa mapumziko, wakivua huku wanapika au wanasikiliza redio, nami nimekuwa mmoja wao. Lakini kwa mtu asiyejua kuacha, ni mtego wa muda usiofanana na ule wa mchezo wowote wenye mwisho.

Husemwa pia kwamba dhahabu ya mchezoni haina thamani nje. Wakati uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, watu wa huko waliwaua majoka wa kijani kwa saa nyingi ili wauze dhahabu na kujikimu, na baadhi ya wachezaji wengine waliwawinda Wavenezuela hao mchezoni kwa makusudi. Biashara hiyo ni marufuku. Njia inayoruhusiwa ni hati ziitwazo bondi: mmoja huinunua kwa fedha halisi, mwingine huinunua kwake kwa dhahabu na kuigeuza kuwa uanachama wa siku 14. Kwa hiyo mwenye fedha hupata njia ya mkato, hata kama ngazi zenyewe haziuzwi.

Na mwisho, kwamba wachezaji wenzako ni marafiki watarajiwa. Wengi ni wakarimu kweli. Ila ukivuka mtaro wa kaskazini kuingia Wilderness, wachezaji wengine wanaweza kukuua na kuchukua ulichobeba, isipokuwa vitu vitatu vya thamani zaidi, na ukiwa na alama ya fuvu, anayowekewa aliyemshambulia mwenzake kwanza, hata hivyo vitatu huvilindi kwa kawaida. Tapeli anayekusihi umfuate huko na vazi lako la bei mbaya anaijua kanuni hiyo vizuri, na Jagex hairudishi mali iliyopotea hivyo.