Serengeti ya Desemba: tunayoyasema nyumbani na yaliyo kweli

Kila Desemba nyumba yetu ya Old Moshi hujaa. Ndugu wanapanda kutoka Dar, Mwanza na Dodoma, magari yanapangwa hadi kwenye migomba, na siku ya pili baada ya Krismasi hakosekani wa kusema, "Jamani, mwakani twende Serengeti." Mwakani inafika na kupita. Miaka mitatu iliyopita tulikwenda kweli, watu saba ndani ya gari moja, na tangu hapo mimi ndiye ninayepigiwa simu Oktoba ikianza. Maswali ni yale yale, na mengi yanatokana na mambo ambayo hayako hivyo.

"Hizo safari ni za Wazungu, sisi tutaziweza wapi?"

Hili ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwa sababu mara nyingi anayelisema anaishi kando ya barabara inayopitwa na Land Cruiser za watalii kila asubuhi. Raia wa Tanzania, na wa Afrika Mashariki kwa jumla, hulipa kiingilio kwa shilingi, na kiasi hicho ni kidogo sana ukilinganisha na dola anazotozwa mgeni. Watoto hulipa pungufu, na wale wadogo kabisa hawalipi. Beba tu kitambulisho, usije ukabishana getini.

Mzigo wenyewe ni gari: kulikodi, kulijaza mafuta, na kumlipa dereva anayezijua njia. Gari halipungui bei kwa kuwa umepanda peke yako, wala haliongezeki kwa kuwa mko saba. Ndiyo maana mtu mmoja anayeuliza bei anashtuka na kukata tamaa, wakati ukoo uliokusanyika kwa sikukuu tayari una kitu ambacho wengine wanakitafuta kwa shida: watu wa kujaza viti. Malazi nayo si lazima yawe hoteli ya kitalii. Ndani ya Serengeti, eneo la Seronera, kuna kambi za umma ambako unapiga hema lako na kujipikia. Sisi tulibeba sufuria, mchele na maharage yaliyokwisha kuchemshwa nyumbani, na mama mdogo akasimamia jiko kama yuko kwake.

"Nyumbu huhama mara moja tu, Julai, wakivuka Mto Mara"

Kwa hili nitakaa kidogo, maana ndilo linaloharibu mipango ya wengi, na liliwahi kuharibu ya kwangu. Nilikwenda Agosti na kikundi cha kazini. Kampuni iliyotupeleka ilituambia tutawaona nyumbu wakivuka mto, kisha ikatulaza Seronera usiku mmoja. Seronera ni katikati ya hifadhi. Mto Mara uko kaskazini kabisa, upande wa Kogatende, na mwendo wa kufika huko na kurudi unakula siku nzima. Tuliona simba, tukaona chui juu ya mti, lakini makundi ya nyumbu hayakuwepo. Hayakutakiwa kuwepo, kwa mwezi ule.

Ukweli ni kwamba nyumbu hawana siku ya kuondoka wala ya kufika. Ni zaidi ya milioni moja, wakiandamana na pundamilia na swala tomi kwa malaki, nao wanazunguka mwaka mzima wakifuata mvua na majani mabichi. Kwa kawaida kuanzia Julai hadi Oktoba wako kaskazini, wakivuka Mara kwenda na kurudi kadiri mvua inavyodondoka ng'ambo hii au ile. Novemba wanaanza kushuka. Vuli zikinyesha vizuri, Desemba wanamwagikia tambarare za kusini, kati ya kilima cha Naabi na Ndutu, na huko wanakaa mpaka Machi hivi. Aprili na Mei, masika yakiwa yamekolea, wanaelekea magharibi, na kufikia Juni wengi wako upande wa Mto Grumeti.

Kwa nini wanakwenda kusini, wakati huko hakuna mto wa kudumu? Kwa sababu ya udongo. Tambarare zile zimefunikwa na majivu ya volkano kutoka milima ya Ngorongoro na Ol Doinyo Lengai, mlima ambao mpaka leo haujazimika. Majani yanayoota pale ni mafupi, lakini yamejaa madini ya kalsiamu na fosforasi ambayo jike mwenye mimba na anayenyonyesha huyahitaji sana. Chini kidogo ya udongo huo kuna tabaka gumu linalozuia mizizi ya miti, ndiyo maana unaona jicho linapoishia bila kichaka, na jike anamwona fisi akiwa mbali. Hapo ndipo wanapozaa, zaidi mwezi wa Februari, karibu wote ndani ya wiki chache. Ndama anasimama na kukimbia dakika chache baada ya kudondoka. Wakizaliwa kwa wingi hivyo kwa pamoja, simba na fisi wanakula mpaka wanashiba, na bado wengi wanabaki.

Sasa tazama kalenda yetu. Likizo ndefu za shule ni Juni na Desemba. Juni nyumbu wako magharibi, mbali sana na mtu anayetokea Moshi. Desemba wanakuja upande wetu, karibu na geti la Naabi tunaloingilia. Hakuna anayeweza kukuahidi tarehe, kwa kuwa mvua ikichelewa nao wanachelewa, lakini kwa familia inayosafiri na wanafunzi sijaona mwezi bora kuliko mwisho wa Desemba.

"Mvua ikinyesha hakuna cha kuona"

Inategemea unakwenda wapi. Tarangire ni ya kiangazi: Juni mpaka Oktoba tembo wanajazana kwenye mto kwa kuwa kwingine kumekauka, na mvua zikianza wengi hutawanyika nje ya hifadhi. Anayekwenda Tarangire Desemba kwa sababu ya picha alizoziona za Septemba atarudi analalamika, ingawa mibuyu haijahama. Kreta ya Ngorongoro, lile bonde kubwa la volkano, ina wanyama karibu mwaka mzima, maana wengi wao ni wakazi wa mle mle. Serengeti kusini, kama nilivyosema, inaingojea mvua.

"Ngorongoro na Serengeti ni kitu kimoja"

Ziliwahi kuwa. Mwaka 1959 zilitenganishwa, Ngorongoro ikawa eneo la hifadhi lenye mamlaka yake, ambako wafugaji wa Kimaasai wanaishi pamoja na wanyamapori. Serengeti iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kwenye mfuko wako maana yake ni hii: ukitoka Arusha kwenda Seronera kwa njia ya Karatu unakatiza Ngorongoro, kwa hiyo unalipa huko, na Serengeti unalipa tena. Kushuka kreta kuna malipo yake ya pembeni, na lazima gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne. Kibali cha Serengeti huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo ukiingia Naabi saa sita mchana, kesho yake panga uwe umetoka kabla ya saa sita. Dereva wetu alituhimiza asubuhi ile tukadhani ana haraka zake, kumbe alikuwa anatuokolea kiingilio cha pili.

"Tukitoka alfajiri, jioni tutakuwa tumewaona Watano Wakubwa"

Kutoka Arusha hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 300, na ukishapita geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, njia kwa sehemu kubwa ni vumbi na mawe. Ukianzia Moshi, ongeza nyingine 80. Sisi tulilala Karatu usiku wa kwanza, na wazee hawakuchoka. Halafu hao watano, yaani simba, chui, tembo, nyati na faru, walipewa jina hilo na wawindaji kwa jinsi ilivyo hatari kuwawinda kwa miguu. Faru ni wachache. Tarangire na Manyara hawapo. Kreta unaweza kumwona kwa mbali, kama nukta nyeusi kwenye majani, na ni vema kuwa na darubini. Twiga, ambaye watoto wote walikuwa wanamtaka, hayumo mle kreta. Kuta zake ni za mteremko mkali. Tulimwona baadaye, njiani kuelekea Naabi.

Kuhusu nguo, nitasema mawili tu. Ukingo wa kreta uko juu ya mita 2,200, na baridi yake asubuhi si ya Moshi mjini, kwa hiyo beba sweta na shuka. Na usivae bluu iliyokoza wala nyeusi ukipita sehemu zenye ndorobo, wale nzi wanaouma, maana rangi hizo zinawaita.

"Kama si Serengeti, basi si safari"

Bibi yetu ana miaka 81 na mgongo wake usingestahimili ile njia ya mawe. Yeye tulimpeleka Hifadhi ya Taifa ya Arusha, unakata Usa River, na kutoka Moshi ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Simba hakuna. Kuna twiga, nyati, mbega wenye mikia mirefu myeupe, na maziwa ya Momella yenye flamingo. Tena ni moja ya hifadhi chache ambako unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukiwa na askari mwenye silaha. Bibi alishuka, akamshika askari mkono, wakatembea polepole hadi pale twiga watatu walipokuwa wanakula. Akasimama na fimbo yake akiwaangalia muda mrefu. Alipogeuka akatuuliza kwa Kichaga kwa nini hatukumleta mapema, wakati amekuwa akikipita kile kibao maisha yake yote akienda Arusha.