Mtoto hajabemendwa, ana utapiamlo

Utapiamlo ni nini?
Ni mwili kukosa virutubishi unavyohitaji. Kuna mtoto anayekonda hadi mbavu zinahesabika, kuna anayevimba miguu na uso (kwashakoo), na kuna aliyedumaa: ana miaka mitatu, kimo cha mwenzake wa miwili.

Wazee wanasema mtoto amebemendwa, kwamba mzazi mmoja katoka nje ya ndoa wakati wa kunyonyesha. Kweli?
Hapana. Tendo la ndoa, la halali au la wizi, haliharibu maziwa wala halimkondeshi mtoto. Ugomvi wenu wa ndoa mtaumaliza wenyewe. Mtoto mleteni kliniki. Tunapokea watoto waliokwisha kuogeshwa dawa za miti wiki nzima huku wakubwa wakitafuta nani alichepuka, na wanafika hawana hata nguvu ya kunyonya.

Nikipata mimba mapema, si ndiyo kubemenda kwenyewe?
Pia hapana. Wazee waliona sawa kwamba mtoto hudhoofu mdogo wake akishatungwa, ila sababu si mimba. Ni kwamba siku hiyohiyo anaachishwa ziwa ghafla na kupewa uji mtupu. Maziwa ya mjamzito hayana sumu. Endelea kunyonyesha, kula zaidi, na sema kliniki ili wakuangalie. Kama mimba ina shida, watakuelekeza. Na uzazi wa mpango upo, baba naye anaruhusiwa kuuliza.

Kwetu chakula kipo tele. Iweje?
Iringa, Njombe na Rukwa wanalima chakula cha kulisha wengine, na bado ni miongoni mwa mikoa inayoongoza Tanzania kwa udumavu. Gunia la mahindi halimlishi mtoto. Mama yuko shambani kutwa, mtoto kaachiwa dada yake wa miaka saba na kikombe cha uji mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Jioni mboga inaliwa na wakubwa, yeye anachovya mchuzi.

Miezi sita ya kwanza ni ziwa tu, hata maji hapana. Kisha uji mzito wenye karanga zilizosagwa au maziwa, maharage yaliyopondwa, dagaa wa kusaga, yai, mchicha, parachichi. Akifika miezi tisa ale mara tatu au nne kwa siku, kwenye sahani yake. Na ule unga wa nafaka sita mnaodhani unatosha peke yake? Nafaka ni nafaka, hata zikiwa sita.

Nitajuaje hali ni mbaya?
Bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya juu ya nyayo zote mbili, hesabu polepole hadi tatu. Kikibaki kishimo kote kuwili, ni hospitali leo. Utepe wa rangi wa kupimia unene wa mkono wa juu ukisoma nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, ni leo. Akikataa kula, akitapika kila kitu au akilegea, ni leo, hata usiku.

Mama mkwe anasema tusubiri dawa ya mganga iishe.
Msisubiri. Hajabemendwa, ana njaa ya virutubishi, na chakula dawa, yaani chakula maalumu cha kutibu utapiamlo, kinatolewa kituoni. Njoo na mama mkwe, tutazungumza naye sisi. Chukua kadi ya kliniki, na umnyonyeshe njiani.