Mama haigizi: dhana potofu kuhusu Alzheimer na nyimbo za zamani

Wiki iliyopita nimelisikia tena, mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Binti kamleta mama yake kliniki, kakaa ukingoni mwa kiti, hata salamu hatujamaliza: “Sista, mama ananifanyia makusudi. Jumapili kanisani kaimba beti zote nne bila kitabu. Kufika nyumbani ananiuliza mimi ni nani.”

Nauguza wazee wenye dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na fahamu kwa sababu ya ugonjwa wa ubongo, hapa Kilimanjaro, na katika yote ninayoyasikia hakuna linaloniumiza kama hili. Likishaingia ndani ya nyumba, mgonjwa anageuka mshtakiwa. Watoto wanaanza kumtegea maswali, mkwe anasema bibi ana ujanja, na wimbo uliokuwa furaha yake pekee unatumiwa kama ushahidi dhidi yake.

“Anayekumbuka wimbo mzima hajasahau, anaigiza”

Haigizi. Alzheimer, ugonjwa unaoleta dimenshia kuliko mwingine wowote, huanza kwa kuharibu hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo, na maeneo ya jirani yake, yale yanayopokea mambo mapya na kuyatunza. Ndiyo maana mama anaomba chai nusu saa baada ya kuinywa. Lakini wimbo aliofundishwa akiwa na miaka 12, akauimba Jumapili baada ya Jumapili kwa miaka 60, haumo tena katika kundi la mambo mapya. Umekuwa kazi ya mdomo, pumzi na mwili. Mpe bibi huyohuyo kisu na chane ya ndizi mbichi, uone anavyomenya. Hakosei. Ila ukimuuliza baada ya dakika kumi nani kamenya ndizi, atakwambia hajui, na atakuwa anasema kweli. Vivyo hivyo wimbo ukiisha, hawezi kukwambia ameimba nini.

Mwaka 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walitafuta sehemu za ubongo zinazoamka kwa vijana wenye afya wanaposikia nyimbo walizozizoea kwa miaka mingi. Kisha wakaangalia sehemu hizohizo kwa wagonjwa wa Alzheimer, wakakuta ni miongoni mwa zile zilizonyauka kidogo kuliko nyingine.

Halafu wimbo hujivuta wenyewe. Mstari wa kwanza unauita wa pili, mapigo yanasukuma neno linalofuata, na kanisani kuna watu mia wanaoimba pembeni yake. Swali lako la “mimi ni nani?” halina mapigo wala mstari wa kulitangulia. Zaidi ya hapo, wagonjwa wengi huishi katika miaka iliyopita: mama anamtafuta mtoto wa miaka 8 mwenye sare ya shule, na mbele yake kasimama mwanamke mwenye mvi. Kutokulijua jina lako si kukukataa.

Kwa hiyo mtihani huu naomba ukome. Usiseme “kama unaweza kuimba, basi nitajie jina langu.” Usiulize wimbo unaitwaje, wala ni wa mwaka gani. Mwenye Alzheimer akishindwa swali anaona aibu. Swali lenyewe atalisahau, aibu itabaki naye mpaka jioni.

Fanya hivi. Kaa mbele yake, macho yenu yalingane, redio na televisheni vizimwe. Mshike mkono kama hapendi kuachwa. Anza wewe, kwa sauti ya chini, maana sauti ya bibi wa miaka 80 haipandi tena ilikokuwa ikipanda, na ukianza juu atanyamaza. Imba polepole kuliko unavyodhani inafaa. Ukifika mwisho wa mstari, liache neno la mwisho. Ngoja. Hapa ndipo watu wengi wananiudhi: hawangoji. Wanalimalizia neno wenyewe baada ya sekunde moja. Mpe pumzi mbili, tatu, hata nne. Nimewaona wazee ambao siku nzima hawajatamka kitu wakilileta neno hilo, na wakati mwingine nyuma yake linafuata jingine ambalo halimo kwenye wimbo: jina la dada yake, au habari ya mtoni. Ukipata hilo, lipokee tu. Mwitikie “ee, mtoni,” usianze kumhoji.

Na imbeni wakati wa kuoga. Uswidi wamelichunguza hili kwa wauguzi wanaoimba asubuhi wakimwogesha na kumvalisha mgonjwa: maagizo ya wauguzi yalipungua, mgonjwa akashirikiana zaidi. Nyumba ambako kuoga ni vita, wimbo nauandika kama ninavyoandika dawa.

“Nimemwekea redio, inaimba kutwa nzima”

Redio ya kutwa ni kelele, na kelele humchosha. Tena mara nyingi nyimbo zenyewe ni za ujana wako, si wake. Nyimbo zinazokaa sana ni zile ambazo mtu alizisikia akiwa na umri wa kati ya miaka 10 na 30. Mama aliyezaliwa 1946 alikuwa na miaka 18 bendi ya dansi ya NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964. Piga hesabu ya namna hiyo kabla hujachagua. Ila jihadhari usiishie kwenye dansi na Kiswahili. Ugonjwa ukisonga mbele, wengi hurudi kwenye lugha ya utotoni. Bibi wa Machame anayekaa kimya kwa nyimbo zako za Kiswahili huenda anangoja Kimachame. Kama wewe hukijui, mwite shangazi.

“Akiimba sana, kumbukumbu zitarudi”

Hazitarudi. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za afya, mwaka 2018 yalionyesha kuwa tiba ya muziki huelekea kupunguza huzuni na usumbufu wa tabia, lakini kwenye uwezo wa akili mchango wake ni mdogo au haupo. Anayekuuzia nyimbo kama dawa ya kuponya Alzheimer, mwache.

“Sauti yangu mbaya”

Mama yako hakukulea kwa sababu ya sauti. Imba.

“Alilia, tukaacha kabisa”

Machozi si lazima yawe maumivu. Tazama uso na mikono. Akiendelea kuimba huku analia, endelea naye. Akikunja ngumi, akigeuza uso au akitaka kuondoka, badilisha wimbo, na uulize ndugu kama huo uliimbwa kwenye msiba fulani.

“Ni uzee tu”

Utafiti uliofanyika wilayani Hai, hapahapa Kilimanjaro, na kuchapishwa 2013 ulikuta dimenshia kwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na kuendelea. Maana yake zaidi ya 93 kati ya 100 hawana. Mleteni hospitali mapema, na jirani anayenong'ona habari za uchawi mwambieni jina la ugonjwa.

Kuja mapema kuna faida nyingine. Mama akiwa bado anaweza kusimulia, nunueni daftari, mwandike nyimbo zake kumi: za kanisani au kaswida, za jando na harusi, za shambani, za kubembelezea watoto. Kila wimbo uandikwe lugha yake, maneno yake kama yeye anavyoyaimba, na alikuwa anaimba na nani. Daftari likae chumbani kwake, mahali ambapo hata msichana wa kazi anaweza kulifikia.